Nilimdanganya Papa Mado Kwamba Pori Lile ni la Watu Wote

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuisimulia habari hii huko nyuma nilianzia pengine, kwenye kosa la mtu mwingine, na nikimaliza watu wananionea huruma. Leo sitaki huruma ya mtu.

Nimemwomba mhariri alifiche jina langu. Polisi siwaogopi, mambo haya ni ya zamani na ya nchi nyingine. Nawaogopa wanangu. Wao wanajua baba yao ni mwalimu, mtu wa kunyoosha wenzake.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema, "Kule Durban kuna jamaa alinisaliti, acheni tu!" Na ni kweli alinisaliti. Lakini jamani, hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo hii.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mimi ni mtu wa Tabora, nilikuwa nasoma chuo kikuu kule Westville, juu kilimani. Westville ni mji wa wenye magari, na mimi gari nilikuwa naliona kwa macho tu. Kwa hiyo nilipanga chumba Umbilo, kwenye fleti ya familia moja ya Wakongo, kila asubuhi napanda taxi kwenda chuo.

Mwenye fleti tulimwita Papa Mado, kwa jina la binti yake. Alikuwa kinyozi kwenye saluni moja ya Umbilo Road. Mtu wa Moba, kule Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Aliikimbia vita na mkewe, Mama Mado, na mtoto, wakashuka nchi kwa nchi mpaka Durban. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa ya muda, ya kwenda kugongwa muhuri mara kwa mara, na alikuwa anasubiri kuitwa ahojiwe apewe ya kudumu.

Nilikuwa mpangaji, lakini sikuishi kama mpangaji. Nikichelewa kurudi nakuta sahani yangu imefunikwa. Ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, samaki mkavu. Nikiumwa Mama Mado ananichemshia uji. Papa Mado aliniita petit, mdogo wake, na akiwaambia watu habari zangu ungedhani mimi ni profesa!

Sasa huyu kinyozi alikuwa na ndevu. Ndevu ndefu, zisizochongwa! Wateja walikuwa wanamcheka, wewe unatunyoa sisi na mwenyewe umejiacha hivyo? Yeye anatabasamu tu. Siku moja nikamuuliza.

Akaniambia baba yake alikuwa mwindaji wa upinde. Alifia njiani wakati wa kukimbia, wakamzika kando ya barabara haraka haraka, hakuna kilio, hakuna mtu kukaa chini. Na kwao, kilio cha mwindaji kinamalizwa na mwanawe. Mwana anaingia porini, anaangusha mnyama kwa mshale, watu wanakula pamoja, kisha mwana ananyoa. Kabla ya hapo marehemu anahesabiwa yuko nje, bado hajaingia nyumbani.

"Baba iko nje miaka hii yote, petit," aliniambia. "Mi nalala ndani, yeye iko nje."

Upinde alikuwa nao. Aliuchonga mwenyewe, mti aliupata kwa fundi seremala, na jioni za Jumapili alikuwa analenga gunia la matambara nyuma ya jengo. Sijawahi kuona mkono uliotulia namna ile. Alichokosa ni pori.

"Petit, wewe unasoma," akasema. "Nitafutie hapa pori ya batu bote iko wapi. Kwetu, ng'ambo ya mto, pori ilikuwa ya batu bote, hakuna mutu wa kusema ni yangu. Lakini sitaki kuiba. Baba hakuiba nyama hata siku moja. Ile ya kumaliza kilio yake nayo tusiibe."

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Mimi na Kiingereza changu!

Tukaanza vizuri, Mungu ni shahidi. Tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya mambo ya wanyamapori. Mama mmoja wa kaunta alitusikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Pori la umma la kuwinda, karibu na chuo?" akauliza. "Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho. Mapori ya serikali mnayoyaona ni hifadhi, mtu haruhusiwi kuua hata ndege. Mtafute mwenye ardhi, awape ruhusa kwa maandishi, mrudi hapa mwombe leseni. Na upinde una kibali chake peke yake."

Nikamtafsiria Papa Mado neno kwa neno. Siku hiyo nilitafsiri kila kitu! Akafurahi.

"Bon," akasema. "Tutatafuta mwenye pori."

Tukaenda kwa mkulima mmoja wa miwa, mbali kidogo na mji. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akakataa. Wakata miwa wake wanashinda mashambani, hataki mishale inaruka. Hatukumlaumu.

Mteja mmoja wa saluni, Mzulu, akatuelekeza kwao, bonde moja la ardhi ya ukoo, iko chini ya induna, yaani msaidizi wa chifu. Tukaenda. Tulikaa kwenye mkeka, tukapewa maziwa ya mgando. Mteja yule akatutafsiria. Induna alipoelewa kwamba ni habari ya baba aliyezikwa njiani, alisogea karibu naye. Akauliza mnyama gani anatakiwa.

Papa Mado akasema, "Mbawala."

Induna akaruka. "Imbabala?"

"Mbawala! Imbabala! Ni kitu moja!" Papa Mado akacheka, akampa mkono, na wazee wote pale wakacheka.

Induna akasema yeye hana kinyongo, lakini ardhi si yake peke yake. Lazima wazee wakae, na wazee hawakai mpaka mahindi yavunwe. Turudi baada ya mavuno. Wakikubali atatia sahihi karatasi mwenyewe, tuipeleke kuombea leseni.

Njiani kurudi Papa Mado alikuwa anaimba. Miezi miwili au mitatu, kwake ilikuwa si kitu. Alikwisha kusubiri sana.

Aliyeshindwa kusubiri ni mimi! Mimi ambaye baba yangu alikuwa hai, yuko Tabora anakunywa chai!

Sababu ni aibu kuitaja. Jumapili moja watu wa kanisa walikuja kula pale nyumbani. Wakauliza habari ya kilio imefikia wapi, na mzee mmoja akasema kwa dharau kidogo, "Huyu mwanafunzi wenu amewazungusha tu." Damu ikanipanda. Nikasimama mbele ya wageni nikasema, "Nipeni wiki mbili. Pori nimeshalipata, bado karatasi tu." Watu wakapiga makofi. Mama Mado akapiga vigelegele. Pale pale wakapanga tarehe, na ndugu zao wa Johannesburg wakapigiwa simu waje.

Papa Mado alinitazama. "Petit, ni kweli?"

"Kweli tupu," nikasema.

Jamani, uongo wa kwanza unatoka kirahisi!

Pale darasani nilikuwa na rafiki, tumwite Gavin, mwenyeji wa Westville. Alikuwa na pikapu na upinde wa kisasa, ule wenye vigurudumu na kamba nyingi. Tulifanya maabara pamoja, nilimsaidia hesabu, tulikula chipsi kwenye karatasi moja. Nilimwona rafiki wa kweli. Nikamweleza shida yangu.

Akacheka. "Unahangaika bure. Bonde lile chini ya chuo, ng'ambo ya ua, ni la serikali. La serikali ni la umma. Nimewinda pale mara nyingi, bushbuck, mbawala hao hao, wanashuka kunywa maji alasiri."

"Na kibali?"

"Andika barua. Mjomba wangu yuko ofisi ile, nitakuletea karatasi yenye nembo. Kikitokea chochote nitasimama mimi, nitasema mjomba anajua. Niamini, bwana!"

Akaleta karatasi kweli. Nikaenda maabara ya kompyuta ya chuo, nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba Bwana fulani ameruhusiwa kuwinda mbawala mmoja kwa upinde kwenye ardhi ya umma. Nikabuni jina la ofisa, nikamtilia sahihi. Nilijaribu sahihi mara nne kwenye daftari mpaka ikapendeza.

Kwa hiyo msiniulize kama nilijua. Yule mama wa kaunta alikwisha kuniambia. Nilijua!

Nilipompa Papa Mado ile barua aliishika kwa mikono miwili. Kiingereza cha kuongea alikuwa nacho kidogo, cha kusoma hapana. Aliigeuza, akapapasa nembo kwa kidole, akamwita mkewe.

"Ona, mama Mado. Serikali ya watu imenikubali."

Akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaukunja vizuri.

Nikasema moyoni, ni siku moja tu. Mnyama mmoja. Nani atajua?

Jumamosi ikafika. Gavin alikuja kutuchukua mchana kwa pikapu yake. Papa Mado alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda ibadani. Gavin aliegesha juu, pembeni ya barabara, akasema ataangalia gari, sisi tushuke. Tukafuata ua mpaka mahali palipokatika.

Pale penye uwazi kulikuwa na kibao.

Kibao kikubwa, cha kijani, maandishi meupe. Kiliandikwa ni hifadhi, kuwinda ni marufuku, atakayekamatwa atashtakiwa. Maneno hayo yako mbele yangu hata sasa ninapoandika.

Papa Mado akasimama. "Ile kibao inasema nini?"

Ndugu zangu, ile ilikuwa nafasi yangu. Kama ningesema tu, Papa Mado, turudi! Tungepanda kilima, angenikasirikia siku mbili, basi. Tungesubiri mahindi.

Nikasema, "Inasema tuangalie nyoka."

"Aa," akasema. "Wametufikiria. Aksanti yao." Akaanza kutembea mbele yangu huku akiangalia chini ili mimi nisikanyage nyoka.

Alikaa karibu na maji, nyuma ya kichaka, hatikisiki. Mimi nyuma yake. Alitokea kwanza mbawala jike, nikamgusa bega, akatikisa kichwa. Sikuona sababu mpaka mtoto wake alipotoka kwenye majani. Akawaacha wakanywa, wakaenda.

Baada ya muda mrefu akaja dume. Papa Mado akasimama taratibu sana, akavuta, na sikusikia hata mlio wa kamba. Nilimwona tu yule mnyama anaruka, anakimbia hatua chache, anakaa chini. Mshale ulimwingia nyuma ya bega, ukatulia pale pale.

Akamwendea. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya jicho la mnyama, na akaanza kuongea na baba yake kwa lugha ya kwao. Sikuelewa neno hata moja. Alilia kwa sauti, mtu mzima, machozi yanaingia kwenye ndevu. Na mimi nililia! Kwa dakika zile niliamini kabisa kwamba nilichofanya kilikuwa kizuri.

Ndipo tukasikia sauti juu yetu, upande wa pili wa maji. Walinzi wawili wa hifadhi, mmoja ana redio ya mkononi. Na karibu wakati huo huo, kule juu barabarani, nikasikia pikapu inawashwa. Nikajua mlio wake. Ikapiga gia, ikaondoka.

Eish! Rafiki yangu! Mtu aliyesema atasimama! Nilihisi kama mtu amenivua nguo barabarani. Nikatazama juu nikitegemea kwamba atageuza. Hakugeuza.

Walinzi wakateremka. Papa Mado hakukimbia. Kwa nini akimbie? Alifuta uso, akatabasamu, akawasalimia kwa Kizulu cha saluni, "Sanibonani." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule mfuko wa plastiki, akaukunjua pole pole, akampa mkubwa wao barua kwa mikono miwili.

Mlinzi akasoma. Akarudia kusoma. Akampa mwenzake. Wakatazamana. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, "Wewe uko na huyu?"

Sikuwa na upinde. Nilikuwa na begi langu la chuo na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nikamwona baba yangu akilini. Nikaona udhamini wangu wa masomo unakatwa, napandishwa ndege kwa aibu. Mawazo yote hayo kwa sekunde moja.

Nikasema, "Hapana. Mimi mwanafunzi, nilikuwa natembea tu. Simjui mtu huyu."

Papa Mado alinigeukia. Tabasamu halikumtoka mara moja, lilibaki pale kama lililosahauliwa. Kisha akateremsha macho, akamtazama mbawala, na hakunitazama tena.

"Nani alikupa barua hii?" mlinzi akamuuliza.

Kiingereza chake kidogo kikatoka. "Mimi nimeiokota," akasema.

Wakamfunga pingu. Mimi waliniambia nishike njia yangu, hapa si mahali pa kutembelea peke yangu. Nikapanda kilima nikishika miti.

Nyumbani nilimkuta Mama Mado amekwisha kuazima sufuria kubwa za kanisa. Nilimwambiaje? Nilimwambia mumewe amekamatwa kwa sababu Gavin alitudanganya kuhusu pori, na barua aliileta Gavin. Habari ya kibao sikuigusa. Habari ya simjui mtu huyu sikuigusa. Alilia, kisha akaniona natetemeka, akasema, "Na wewe pole, petit. Yule mtu amekuua na wewe." Akanipakulia chakula.

Nikala! Nikakaa kwenye meza ya mtu niliyemkana, nikala chakula chake!

Jumatatu nilimsubiri Gavin mlangoni pa darasa. Nilikuwa na maneno mengi, nilitaka hata kumpiga.

"Mwite mjomba wako," nikamwambia. "Mtu yuko ndani!"

"Mjomba gani?" akasema.

"Gavin! Karatasi ulileta wewe!"

Akanivuta pembeni, akasema kwa upole kabisa, kama anayenishauri, "Sikia. Mimi sikuwa pale. Barua umeandika wewe, iko kwenye kompyuta ya chuo kwa jina lako. Ukinitaja, na mimi nitakutaja. Ni bora kila mtu asimjue mwenzake."

Akaingia darasani, akakaa kiti cha mbele. Miaka miwili iliyobaki hatukusalimiana.

Nilikwenda chooni nikalia. Nilijiambia, hivi binadamu anawezaje? Mtu uliyekula naye? Na pale, nimeegemea ukuta, ndipo nikajisikia nikiuliza swali ambalo Papa Mado alikuwa nalo siku ya tatu kule kituoni. Sikulipenda. Nikalifukuza, nikaendelea kumchukia Gavin. Kumchukia Gavin kulikuwa rahisi zaidi.

Papa Mado alikaa ndani karibu wiki tatu. Sikwenda kumwona hata mara moja. Kila mara Mama Mado alipobeba chakula nilikuwa na mtihani, nilikuwa na homa, nilikuwa na kila kitu! Ndugu wa Johannesburg walikuja, wakakaa kimya sebuleni, wakarudi. Mahakamani alikiri kuwinda hifadhini na kuwa na barua ya uongo. Mwanasheria wa bure alimwomba ataje mwenzake apunguziwe. Akashikilia kwamba aliiokota. Wakampa kifungo cha nje.

Lakini kesi ile ilifuata karatasi zake. Mahojiano yake yaliahirishwa, yakaahirishwa tena, akaambiwa mtu mwenye kosa la kughushi faili lake linaangaliwa upya. Mwenye saluni akampa mtu mwingine kiti chake. Upinde ulichukuliwa. Mbawala naye alichukuliwa. Baba yake akabaki nje.

Siku aliyotoka nilimsubiri kwenye ngazi za jengo. Alikuwa amekonda, shati lile lile, si jeupe tena. Alipanda mpaka aliponifikia akasimama.

Nikaanza, "Papa Mado, yule Gavin..."

"Petit, wacha Gavin. Mi na Gavin hatukukula sahani moja." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Wale walinzi walipita nami pale kwenye kibao. Yule mukubwa akanisomea. Neno kwa neno, polepole, ili nielewe. Mutu sijawahi kumuona katika maisha yangu, ananikamata, na anakubali kunisomea."

Nilitazama viatu vyake.

"Na wewe ulisema hunijui. Ile Kiingereza mi naielewa, petit. Ni Kiingereza ya kwanza mukimbizi anajifunza. Tunaisikiaka kila siku."

Nikapiga magoti pale ngazini. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Baba yako alikutuma kusoma. Ningekutaja, yeye ndo angelia, na yeye hakunifanyia kitu." Akapumua. "Ila usilale tena mu nyumba yangu. Kwa ile siwezi. Nimejaribu kule ndani kila siku, siwezi."

Akanipita, akaingia ndani.

Nilizunguka mitaani mpaka jua likaelekea kuzama. Niliporudi nilikuta vitu vyangu nje ya mlango. Havikutupwa. Mama Mado alikuwa amefua nguo zangu zote, amezipiga pasi, amezikunja, amezipanga kwenye sanduku langu kwa utaratibu. Vitabu juu. Nikabisha hodi nimshukuru, niombe radhi, sijui niseme nini. Nilisikia redio ndani ikizimwa. Hakuna aliyefungua.

Ningependa kama angenitukana!

Nikahamia chumba kimoja Morningside, kwa bibi mmoja aliyekuwa hapendi maneno. Wakongo wa Umbilo hawakunipiga wala kunisema. Nikiingia duka lao la simu wanahudumia wengine mpaka natoka mwenyewe.

Mavuno ya mahindi yalipokwisha nilijilazimisha kwenda kwa induna. Nilitaka angalau asije akamsubiri mtu bure. Nilikwenda peke yangu. Alinipokea kwa furaha, akaagiza maziwa, akasema wazee walikaa, walikubali wote, tena mmoja wao amejitolea kuwaonyesha njia mbawala wanapopita. "Yuko wapi ndugu yako?" akauliza.

Nikasema amesafiri. Naam, hata pale nilidanganya! Nilikunywa yale maziwa nikaondoka.

Muda si mrefu Papa Mado na familia yake waliondoka Durban. Mmoja aliniambia wamekwenda Maputo, mwingine akasema Lusaka, mwingine akasema wamerudi kwao vita au hakuna vita. Nimeandika barua kwa watu wa kanisa, nimeuliza kwa kila Mkongo niliyekutana naye tangu hapo. Sijapata. Mado mwenyewe sasa ni mama wa watu, kama yuko hai. Sijui kama babu yake alipata kuingia nyumbani.

Mimi nilimaliza chuo. Nilipata shahada, nilipata kazi, nilipata mke. Wala sikuadhibiwa na mtu yeyote, na hilo msilichukue kama bahati. Aliyeadhibiwa anamaliza. Mimi kila nikisimama mbele ya darasa nikiwaambia watoto wasidanganye, kuna mtu ndani yangu anasema, waambie na habari ya kibao. Nimefundisha miaka yote hii, sijawaambia.

Na huyo Gavin, nilitaka sana siku moja nimsamehe, nionekane mtu mkubwa. Nimegundua sina haki hiyo. Alinifanyia mimi kwa saa moja tu kile nilichomfanyia mwenzangu aliyenilisha mwaka mzima.

Wewe unayesoma, hasa wewe kijana uliye ugenini ambaye wenzako wanakuita msomi, nakuomba sana. Usiahidi mbele ya watu kitu usichonacho ili upigiwe makofi. Ukishaahidi na ukashindwa, rudi useme umeshindwa, watakucheka siku moja watasahau. Na kama kuna mtu anakutegemea wewe umsomee dunia, kwa sababu yeye hajui lugha yake, msomee kilichoandikwa. Msomee chote, hata kama kilichoandikwa ni hapana.